Mkataba wa Miaka Mitano kwa Mtu wa Dakika Kumi na Tano

Desemba ya 2025 mpwa wangu alinipigia simu kutoka Tabata, na salamu zake zilikuwa fupi kuliko kawaida. "Shikamoo mjomba. Nieleze kitu. Kuna mrushaji wa besiboli anaitwa Edwin Díaz, Dodgers wa Los Angeles wamemsajili kwa dola milioni 69, miaka mitatu. Nimemwangalia kwenye simu. Anaingia mechi ikiwa inaisha, anarusha mipira kumi na tano hivi, anapeana mikono na wenzake, anaenda kuoga. Halafu nasoma watu wanasema Dodgers wamempata kwa masharti mazuri. Mazuri kwa nani?"

Nikacheka, ingawa swali lilikuwa na uzito. Miezi 11 tu kabla ya hapo, Dodgers hao hao walimpa mtu mwingine wa kazi ileile, Tanner Scott, dola milioni 72 kwa miaka minne. Ilipofika Oktoba, mwezi wa mtoano ambao klabu kama ile huishi kwa ajili yake, Scott hakurusha hata mpira mmoja. Sasa wamerudi sokoni kununua dawa ya ugonjwa uleule, tena kwa bei ya juu zaidi kwa mwaka. Na bado wapo wajuzi wanaosema safari hii wamefanya biashara ya busara. Jibu langu la kwenye simu lilitoka vipandevipande, chai jikoni inachemka. Nalipanga upya hapa.

Tuanze na kazi yenyewe. Mechi ya besiboli ina awamu 9. Katika kila awamu timu inayolinda inatakiwa kuwatoa wapigaji 3 wa upande wa pili, kwa hiyo 27 kwa mechi nzima. Mwenye mzigo mkubwa wa kuwatoa ni mrushaji, anayesimama mita 18.44 kutoka kwa mtu mwenye gongo. Zamani mrushaji mmoja alianza na kumaliza. Siku hizi anayeanza huenda awamu 5 au 6. Mkono ukianza kuchoka, na wapigaji wakishamzoea, kocha anamtoa na kuita mwingine kutoka pembeni, mahali wanapokaa na kupasha misuli. Wamarekani wanapaita zizi la mafahali, na sijawahi kupata maelezo ya jina hilo yaliyoniridhisha. Hao wanaotoka zizini ndio warushaji wa akiba. Kila mmoja kwa kawaida anachukua awamu moja. Yule wa mwisho, anayekabidhiwa awamu ya 9 timu ikiwa inaongoza kwa pointi chache (pointi ni mpigaji kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani), ni mfunga mechi. Nimelikwepa neno "mfungaji" kwa makusudi: ukimwambia mtu wa Kariakoo kwamba Dodgers wamesajili mfungaji, atakuuliza ana mabao mangapi.

Kwa mtu wa soka, mkumbuke Tim Krul. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica, dakika 120 zinaisha bila bao. Kocha Louis van Gaal akamtoa kipa wake Jasper Cillessen na kumwingiza Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akapangua mbili, Uholanzi ikapita. Mfunga mechi ni Krul wa kila wiki: kazi yake ni ile dakika ambayo kila mtu uwanjani amesimama. Sasa jiulize. Baada ya usiku ule, ungempa Krul mkataba wa miaka mitano wa kudaka penalti peke yake, kwa mshahara wa straika wa mabao 25? Umeona mikwaju miwili aliyopangua. Je, umeuona uwezo wake, au umeuona usiku wake?

Hesabu ya bei ni nyepesi, tuimalize haraka. Msimu wa ligi kuu ya Marekani una mechi 162, yaani awamu 1,458 kwa kila timu, ukiacha zile za nyongeza. Mrushaji wa akiba mzuri anafanya awamu 60 hadi 70. Hiyo ni chini ya asilimia 5 ya kazi yote. Díaz atalipwa wastani wa dola milioni 23 kwa mwaka, wastani mkubwa kuliko aliowahi kupewa mrushaji yeyote wa akiba. Gawanya kwa awamu 65, unapata zaidi ya dola 350,000 kwa awamu moja. Kila mpigaji anayemtoa, karibu dola 118,000.

Ukiishia hapo unamwonea. Awamu hazina uzito sawa. Awamu ya 3 timu ikiongoza kwa pointi 7 inaweza kurushwa na mtu yeyote mwenye mkono mzima, lakini awamu ya 9 timu ikiongoza kwa pointi 1 ndiyo mechi yenyewe. Klabu inayolipa ghali kwa dakika hizo haijarogwa. Ugomvi wangu ni na miaka. Dola nyingi kwa msimu mmoja ni gharama tu. Dola za kadiri kwa misimu mitano, kwa mtu wa kazi hii, ni kuweka dau kwenye kitu ambacho hata mwenye nacho hajui kama atakuwa nacho mwakani.

Sababu ya kwanza ni uchache wa kazi yenyewe. Warushaji hupimwa kwa wastani wa pointi wanazoruhusu kwa kila awamu 9. Wastani wa 2 ni wa mfalme, wa 4 ni wa mtu wa kawaida, ukifika 6 unaangaliwa kwa jicho la huruma. Mrushaji wa kuanza anafanya awamu 170 au 180 kwa msimu, kwa hiyo usiku mmoja mbaya unamezwa na nyingine nyingi. Mrushaji wa akiba hana pa kuuficha. Kijiko cha chumvi kikiangukia kwenye sufuria ya pilau la shughuli, wageni watakula na kusifu. Kikiangukia kwenye kikombe chako cha chai, umeshaharibu asubuhi.

Mchukue Scott. Mwaka 2024 alifanya awamu 72 na wastani wake ulikuwa 1.75. Fanya hesabu kinyumenyume: ni pointi 14 kwa msimu mzima. Mwaka 2025 akafanya awamu 57, wastani 4.74. Hizo ni pointi 30. Tofauti ya mfalme na mtu anayezomewa ilikuwa pointi 16 zilizotawanyika katika miezi 6, chini ya 3 kwa mwezi. Mipira iliyopigwa moja kwa moja hadi nje ya uzio, ambayo humpa mpigaji pointi palepale, ilikuwa 3 mwaka wa kwanza na 11 mwaka wa pili. Dodgers walinunua zile 14. Walioandika mkataba hawakuwa wajinga. Walisoma karatasi zilizokuwa mezani. Tatizo ni kwamba karatasi za mrushaji wa akiba ni nyembamba, na upepo kidogo unazipeperusha.

Na upepo ulivuma hasa mwanzoni mwa Septemba 2025, kule Baltimore. Ijumaa tarehe 5, mechi iko sare 1-1, Scott anaingia awamu ya 9. Kijana mgeni wa ligi, Samuel Basallo, anaupiga mpira hadi nje ya uzio na mechi inaishia palepale. Kesho yake mrushaji wa kuanza wa Dodgers, Yoshinobu Yamamoto, anafanya kazi ambayo watu husimulia wajukuu. Awamu 8 na wapigaji 2 wa awamu ya 9 zimekwisha, na hakuna mtu wa Baltimore aliyepiga mpira wa kumfikisha kituoni. Amebaki mmoja. Jackson Holliday anaupiga mpira nje. Ndoto ya Yamamoto imekwisha, lakini Dodgers bado wanaongoza 3-1 na bado wanahitaji kumtoa mtu mmoja tu. Anaingia Blake Treinen, naye ni wa akiba mwenye mshahara mnene, na hamtoi hata mmoja: mpira uliopigwa mbali, mpigaji aliyegongwa na mpira, vituo vya bure mfululizo hadi mkimbiaji mmoja anasukumwa nyumbani, inakuwa 3-2. Anaitwa Scott. Emmanuel Rivera anapiga katikati, wakimbiaji wawili wanafika nyumbani, 4-3. Nilikuwa nimesimama sebuleni na rimoti mkononi, na mimi si hata shabiki wao. Naishi Houston, kwetu Dodgers hawapendwi.

Dhana moja inawapoteza wengi, ya kwamba mfunga mechi anapimwa kwa "sevu". Watangazaji wetu wa soka wanalitumia neno hilo kwa kipa akipangua shuti, na Wamarekani nao wanalo, ila maana ni nyingine. Mrushaji anaandikiwa sevu akimaliza mechi ambayo timu yake imeshinda, ilhali aliingia ikiongoza kwa pointi zisizozidi 3 na akafanya angalau awamu moja. Zipo njia nyingine za kuipata, lakini hiyo ndiyo ya kila siku. Hesabu hiyo ilibuniwa na mwandishi wa habari wa Chicago, Jerome Holtzman, na ikawa rasmi mwaka 1969. Angalia upana wa mlango: ukiongoza kwa pointi 3, unaweza kuruhusu 2, ukatoka jasho, ukatia watu presha, na bado ukaandikiwa sevu kama aliyewamaliza wote watatu kwa mipira tisa. Vilevile wapigaji hatari wa upande wa pili wanaweza kuangukia awamu ya 8. Mtu asiye na jina anawatoa, halafu wa milioni 20 anakuja kumalizana na dhaifu na kuchukua sifa.

Wade Davis ni ushahidi wangu. Desemba 2017 Colorado Rockies walimpa dola milioni 52 kwa miaka mitatu, wastani ambao wakati ule ulikuwa mkubwa kuliko wa mrushaji mwingine wa akiba. Msimu wa kwanza akaongoza National, mojawapo ya nusu mbili za ligi kuu, kwa sevu 43. Shangwe. Lakini wastani wake wa pointi ulikuwa 4.13, wa mtu wa kawaida kabisa, na sevu zilikuwa zinaufunika. Mwaka uliofuata kifuniko kikatoka: wastani 8.65. Haki imtendekee, uwanja wao wa Denver uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mwinuko usiopishana sana na wa Nairobi, hewa ni nyepesi na mpira unaruka kama umetumwa. Hata hivyo 8.65 haielezwi na hewa. Mwaka 2020 wakamwachia aende zake.

Sababu ya pili ni mwili. Wengi wa hawa walikuwa warushaji wa kuanza walioshindwa kudumu kwenye kazi hiyo, ama kwa sababu wana aina mbili tu za mipira, ama mwili haukubali awamu nyingi. Díaz mwenyewe alikuwa wa kuanza katika ligi za chini hadi 2016. Hader, nitakayemtaja baadaye kidogo, vilevile. Zizini wanaambiwa kitu kimoja: una awamu moja, toa kila ulichonacho. Aroldis Chapman aliwahi kurusha mpira wa maili 105.8 kwa saa mwaka 2010, kilomita 170, na hajatokea mwingine aliyepimwa akauzidi. Ni kama bodaboda inayoendeshwa kwa gia ya pili, resi imevutwa hadi mwisho, kila siku lakini kwa kilomita moja tu. Haiendi mbali, ila injini haijui habari za masafa. Kano ya ndani ya kiwiko ikikatika, kuna upasuaji uliopewa jina la mrushaji Tommy John, wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974, na kupona huchukua kati ya miezi 12 na 18. Kwenye mkataba wa miaka minne, msimu mzima umepotea, na mara nyingi zaidi ya msimu.

Toronto Blue Jays walijua hilo mapema. Novemba 2005 walimpa B.J. Ryan dola milioni 47 kwa miaka mitano, kiasi ambacho hakuna mrushaji wa akiba aliyekuwa amekipata. Mwaka 2006 alikuwa mtamu: sevu 38, wastani 1.37. Mwaka 2007 kiwiko, kisu. Julai 2009 walimwachia, na bado alikuwa anawadai mshahara wote wa mwaka 2010, dola milioni 10. Waliendelea kumlipa mtu ambaye hakuwa anavaa tena jezi yao.

Na hapo ndipo utaratibu wa mikataba unapoingia, kwa sababu mpwa wangu alidhani klabu inaweza "kuvunja tu". Katika besiboli ya Marekani mkataba wa namna hii ukishasainiwa fedha ni zako. Ukiumia unalipwa, kiwango kikishuka unalipwa, wakikuacha unalipwa. Tena mchezaji kwa kawaida hawi huru kujiuza sokoni mpaka afikishe miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu. Maana yake, anapofika kwenye bei kubwa ameshagonga miaka 29, 30 au zaidi. Scott alikuwa na 30, Davis 32. Miaka yao ya mkono mbichi ilitumiwa na klabu nyingine kwa bei ya chini. Klabu inayosaini mkataba mrefu inauziwa gari baada ya mwenye nalo kulitembeza barabara ya vumbi, na inalipia kama limetoka bandarini leo.

Juu yake ongeza kipengele cha kujitoa, ambacho mawakala wa wachezaji wamekifanya kama kachumbari, hakikosekani mezani. Novemba 2022 New York Mets walimpa Díaz dola milioni 102 kwa miaka mitano. Alikuwa mrushaji wa akiba wa kwanza kuvuka milioni 100. Ndani ya karatasi hizo kulikuwa na ruhusa ya kuondoka baada ya mwaka wa tatu akitaka. Tafsiri yake kwa lugha ya nyumbani: mkono ukiharibika, unabaki na sisi miaka yote mitano na tunalipa. Mkono ukiwa mzima, unaondoka kwenda kupata zaidi. Klabu imebeba hasara yote ikitokea, na faida ikitokea inaipungia mkono uwanja wa ndege.

Hasara ilitokea kabla hajarusha mpira mmoja wa msimu. Usiku wa tarehe 15 Machi 2023, Miami, mashindano ya dunia ya mataifa. Díaz anaichezea Puerto Rico dhidi ya Jamhuri ya Dominika, anaingia awamu ya 9, anawamaliza watatu bila hata mmoja kuugusa mpira wa maana, 5-2 imekwisha. Wenzake wanamkimbilia. Wanarukaruka wakiwa wamekumbatiana, duara la watu wazima wanaocheza kama watoto wa chekechea. Halafu duara linafunguka, na yeye yuko chini, ameshika goti la kulia. Mdogo wake Alexis, mrushaji mwenzake kwenye timu hiyohiyo, analia waziwazi. Alitolewa kwa kiti cha magurudumu. Kano ya goti ilikuwa imekatika, na msimu mzima wa 2023 ukaondoka nayo. Hakuumia akirusha. Aliumia akishangilia.

Wapo wanaosema hilo si neno kwa kuwa bima ya mashindano ilibeba mshahara wake wa mwaka ule. Ni kweli, bima ilibeba. Lakini bima hairushi awamu ya 9. Mets walimaliza na ushindi 75 na vipigo 87, wakiwa na mishahara iliyovunja rekodi, na kufika katikati ya msimu walikuwa wanauza wachezaji. Kinachochekesha ni kwamba waliyemtumia kuziba pengo, David Robertson, mkongwe wa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 10, alifanya kazi nzuri tu mpaka naye wakamuuza.

Díaz alirudi. Mwaka 2024 alikuwa wa wastani, 2025 akawa mfalme tena kwa wastani wa 1.63. Na kama karatasi zilivyoruhusu, akajitoa, akaacha miaka miwili na karibu dola milioni 38, akaenda Los Angeles. Piga hesabu ya Mets: miaka mitatu, mmoja hakuwepo, mmoja wa kawaida, mmoja mzuri sana.

Kila nikieleza haya, kuna mzee mmoja tunayekaa naye baada ya kazi ambaye hunikatisha kwa jina moja: Mariano Rivera. Mpanama wa New York Yankees, sevu 652, hajapatikana wa kumfikia, na mwaka 2019 aliingia kwenye Jumba la Heshima kwa kura zote, jambo lisilowahi kumtokea mwingine kabla yake. Mzee anaona Rivera ni uthibitisho kwamba mfunga mechi anadumu. Mimi naona ni kama kumtazama bibi aliyefikisha miaka 105 huku anavuta sigara, kisha ukaenda dukani. Na zaidi: hata Rivera, Yankees walimsainisha kwa vipande. Mwishoni mwa 2007 walimpa miaka mitatu kwa dola milioni 45, mwishoni mwa 2010 miwili kwa milioni 30. Waliokuwa na mtu bora kuliko wote katika historia ya kazi hiyo hawakuthubutu kumwandikia mitano. Tena Mei 2012, akidaka mipira kwenye mazoezi ya kawaida kule Kansas City, goti lilimwachia na msimu ukaisha.

Sitaki msomaji adhani kila mkataba mrefu ni msiba. Desemba 2016, ndani ya siku chache, ilikubaliwa mitatu kwa mpigo: Mark Melancon kwa Giants, miaka minne, dola milioni 62, Chapman kwa Yankees, mitano, milioni 86, Kenley Jansen kwa Dodgers, mitano, milioni 80. Dola za Melancon zilikuwa rekodi ya mrushaji wa akiba, na haikudumu hata wiki mbili. Jansen, Mcurasao aliyeanza maisha kama mdakaji, ndiye aliyetoa thamani ya fedha kuliko wenzake. Na bado, Dodgers walipotwaa ubingwa 2020, aliyekabidhiwa mpira wa mwisho alikuwa Julio Urías. Melancon aliumia mkono mwaka uleule wa kwanza, akauzwa Atlanta kabla mkataba haujaisha, halafu mwaka 2021, akiwa na mkataba mdogo San Diego, akaongoza ligi nzima kwa sevu 39. Raisel Iglesias alisaini na Angels miaka minne kwa milioni 58 mwishoni mwa 2021. Mkataba wenyewe ukawa mzuri, ila waliofaidi ni Atlanta, kwa sababu Angels walimtoa Agosti iliyofuata. Hapa Houston, Astros walimpa Josh Hader milioni 95 kwa mitano Januari 2024: mwaka wa kwanza wastani 3.80, wa pili moto kabisa hadi Agosti, kisha bega. Baada ya 2025 imebaki mitatu, na sisi wa huku tunaliulizia bega lile kama la ndugu.

Wa Chapman ndio unaonifurahisha zaidi. Miaka ya mwanzo Yankees alilipa deni lake. Mwaka 2022 kiwango kilishuka, akapoteza kazi ya kufunga, na Oktoba akakosa mazoezi ya lazima, wakamwacha nje ya kikosi cha mtoano. Mwaka uliofuata Kansas City Royals walimchukua kwa dola milioni 3.75, mwaka mmoja. Akauzwa Texas katikati ya msimu, akatoka na ubingwa. Kisha 2025, akiwa Boston na miaka 37, kwa mkataba mwingine wa mwaka mmoja wa dola milioni 10.75, akatoa wastani wa 1.17. Mtu huyo alipata kuandikiwa mitano akiwa na 28. Waliomfaidi zaidi uzeeni ni walioandika mmoja mmoja.

Basi kwa nini klabu zinaendelea? Kwa sababu ya Oktoba. Kwenye mtoano siku za mapumziko ni nyingi, warushaji dhaifu wanakaa, na wachache wenye nguvu wanabeba kila kitu. Mechi ya 7 ya fainali ya 2025, Novemba 1 kule Toronto, Dodgers walishinda 5-4 katika awamu ya 11. Aliyefunga mechi ni Yamamoto, yuleyule wa Baltimore, mrushaji wa kuanza ambaye jana yake tu alikuwa ameanza mechi ya 6. Oktoba nzima aliyekuwa akifunga mara nyingi ni Roki Sasaki, naye wa kuanza. Scott alikuwa nje baada ya upasuaji mdogo wa jipu, lakini hata kabla ya hapo walikuwa wameshaacha kumwamini. Klabu iliyotwaa ubingwa kwa kuazima watu wa idara nyingine haiwezi kuthubutu hivyo mara mbili. Ndiyo maana wakamfuata Díaz.

Kwao dola si tatizo kama ilivyo kwa wengine, ingawa wanazilipa mara mbili: ligi ina kodi ya anasa kwa timu zenye mishahara mikubwa, na kwa iliyovuka kikomo miaka mitatu mfululizo au zaidi na kupanda mpaka ngazi ya juu kabisa, kama wao, kila dola ya ziada inatozwa dola 1 na senti 10. Kilicho adimu kwao ni nafasi. Kikosi ni watu 26, warushaji wasiozidi 13. Mtu wa milioni 18 anayepigwa kila akiingia anakaa kwenye kiti ambacho kijana wa mshahara wa chini angeweza kukitumia, na kumwondoa ni kukiri mbele ya watu. Miaka minne ya kiti hicho ni mirefu kuliko dola zake.

Kwa hiyo mpwa wangu, wale uliowasoma hawakukosea. Milioni 23 kwa mwaka ni nyingi mno kwa mtu wa dakika kumi na tano. Mitatu badala ya mitano, kwa mtu aliyekuwa anakaribia kutimiza 32, ndiyo sehemu ambayo Dodgers wamenunua vizuri.

Nilimtumia haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja. Akasikiliza, akanyamaza siku nzima, halafu jioni akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Mjomba, yale mashindano ya dunia si yanarudi Machi 2026? Sasa Puerto Rico wakimwita?"

Nikamwandikia kwamba akiona wameshinda, asiangalie shangwe.